Ndizi Tisa Ndani ya Difu

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya kumi na sita ya ndoa. Igoki ameamka na alama ya mto shavuni. Nimeitazama mpaka uji ukapoa. Mungu ana upendeleo, na safari hii amenipendelea mimi!

Jumamosi nampeleka kwao Kiambere, mara ya kwanza tangu harusi. Mama yake atapika, shangazi zake wote watakuja. Kaka yake, Ngari, amepiga simu kusema atatufuata huku Meru na kigari chake cha kubebea muguka, yale majani ya kutafuna. Nimekataa katakata. Mke wangu ataingia kwao kwa gari la mumewe, la mwaka 1971, rangi ya maziwa! Ngari akacheka. Akasema, shemeji, likifika hilo nitakuita mzee. Lisipofika, mimi nitaendesha na wewe utakaa nyuma na magunia. Nimekubali, na Igoki anasikia. Basi, yameisha. Lazima lifike.

Jumanne, 6 Agosti

Gari linanguruma nyuma. Kama fahali aliyenyimwa majani. Nimezunguka mjini na Igoki ili asikilize. Akasema nikikata kushoto kelele inazidi, nikikata kulia inapungua, kwa hiyo ni beringi ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Baba yake aliendesha lori miaka ishirini na alimfundisha kusikiliza. Sauti yake jamani! Hata beringi ikitamkwa na yeye inakuwa wimbo. Nilikuwa nikimtazama shingo, mengine yakanipita.

Nikaenda kwa Naftaly, fundi wa pale karibu na soko la Gakoromone. Akanishauri niinue gari kwa jeki, nizungushe magurudumu yote mawili ya nyuma kwa mkono, moja baada ya lingine. Litakalokwaruza ndilo gonjwa. Au nimwachie gari mpaka Jumatatu. Jumatatu! Kisha akanionya kuhusu matapeli wanaouza magari mabovu: hupakia ndizi ndani ya difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ili kelele inyamaze mpaka mteja alipe. Akatema mate kwa hasira.

Mimi nilishika jambo moja tu. Kelele inyamaze.

Jumatano, 7 Agosti

Ndizi tisa. Mbivu, za kupondeka. Nimezisukuma moja moja kupitia tundu la oili nikiwa nimelala chali, na moja imenidondokea jichoni. Igoki akauliza ziko wapi ndizi alizomnunulia mama yake. Nikamwambia ziko safarini. Si uongo!

Nimeendesha hadi njia panda na kurudi. Kelele ile ile. Tofauti ni kwamba sasa gari linanukia ndizi za kukaanga. Mbwa watatu wametufuata mpaka getini.

Alhamisi, 8 Agosti

Wazo jipya. Ekseli inapiga kelele kwa sababu ni nyepesi! Nimeleta magunia matatu ya viazi kutoka kwa shangazi yangu kule Kibirichia, nikayapanga yote upande wa kulia, kule kunakonguruma. Zawadi kwa wakwe na dawa kwa gari.

Mkia wa gari umeinama. Mngurumo umekuwa radi. Igoki amesema tena, taratibu, akihesabu kwa vidole: nyuma, kulia, beringi. Vidole vyake! Pete inamkaa kama alizaliwa nayo.

Ngari amepiga simu kuuliza kama aje. Nikamwambia alete maua ya kutupokea.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefuata ushauri wa Naftaly, asije akasema mimi ni mkaidi. Nikainua gurudumu la kushoto, nikalizungusha. Kimya kama njiwa! La kulia limebanana na ua wa miiba, nami nina shati moja tu la kuvaa kesho. Lakini magurudumu hayo ni ndugu, yamezaliwa siku moja. Likipona moja, mawili yamepona.

Igoki ameshona kitambaa cha mama yake mpaka giza likaingia. Hajamwona tangu harusi. Anaimba. Nisipomfikisha kesho, afadhali nihamie kwa wale mbwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Embu tulipita tukinguruma, watu wakigeuka. Lami ikaisha. Kilomita mbili kutoka kwa wakwe, Igoki akasema simama. Nikamwambia mpenzi, tumefika. Akasema, Kirimi, SIMAMA. Nikamgeukia nimpe tabasamu.

Hapo ndipo gurudumu letu la nyuma kulia lilipotupita.

Lilipita na chuma chake cha ekseli, bila haraka, likashuka mteremko kuelekea kwa wakwe. Sisi tukakaa pale, mkia chini, viazi vikibingirika barabarani.

Nikajitosa chini ya gari. Suruali ikachanika nyuma, yote. Wakati huo huo nikasikia nyayo. Mama mkwe! Alikuwa ameliona gurudumu likipita, akaja mbio. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana hata kutazamana usoni ni kwa kiasi, na mimi mbele yake ni nusu ya chini tu. Akanigeuzia mgongo, akauambia mti wa mgunga kwamba mkwe wake amekonda miguu. Igoki akamkumbatia. Wakalia, wakacheka. Niliyasikia yote nikiwa mavumbini.

Ngari akaja na kigari chake. Nilikaa nyuma na magunia.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa Ngari amebadilisha beringi ya kulia. Saa moja na nusu tu! Alipofungua difu kuweka oili mpya, alikaa chini, akachota ndizi kwa kidole. Shangazi wote wameletwa kutazama. Baba mkwe ameniambia kwa upole kwamba binti yake ana masikio, niyatumie.

Nimeapa kuyatumia.

Jioni nimetembea naye kando ya bwawa la Kiambere. Kwa mzee Kivuti, jirani yao, nimeona gari jingine, la mwaka 1968, la buluu! Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nimelikagua mwenyewe nusu saa nzima. Ekseli yake ya nyuma haitoi kelele hata kidogo! Igoki akaniuliza litatoaje kelele na halijasogea miaka kumi na moja.

Jua lilikuwa linamwangaza upande mmoja wa uso. Ana vishimo mashavuni, sikuwahi kuviona vyote viwili kwa pamoja.

Kesho asubuhi naenda kuongea na Kivuti.