Hesabu ya Harusi ya Kenanga

Jumapili, 1 Oktoba 2023

Sulastri wangu,

Mwezi wa saba bila wewe. Nina mpango! Chatu mweupe asiye na doa, kwa maonyesho ya Bantul mwakani. Namwoza chatu wetu Kenanga kwa dume Seto. Ndiyo, ni ndugu. Ndiyo, nilikuahidi sitarudia. Lakini jirani yetu Kuncoro ana vikombe vitatu vya ushindi!

Yule chatu wetu mdogo, Ucil, amemkosa panya mara nne leo. Kichwa kinayumba, anauma hewa. Wazazi wake walikuwa ndugu. Kosa langu lile. Nimemlisha kwa kibano chako. Wewe ulimlisha hadi wiki yako ya mwisho: "Njoo mwanangu, panya yuko huku."

Jumanne, 3 Oktoba

Nimewapigia hesabu ya siku za kuzaliwa, kama wachumba. Wote wawili Jumapili, na kwa siku tano za Kijava, Kliwon. Tano na nane: kumi na tatu kwa kila mmoja. Jibu la ndoa: Wafalme, jibu la heri! Sisi tulitoka Ugomvi, tukadumu miaka thelathini na mmoja.

Kuncoro akachungulia ukutani, akacheka. Eti Mzee Wagimin, lazima siku zifanane, walitoka tumbo moja! Akauliza wazazi wa Ucil walitoka nini. Nikaendelea kufagia. (Wafalme.)

Akajitolea kuniazima dume wake. Bure. Ila niseme mbele ya chama chetu cha wafuga chatu kwamba ni mzuri kuliko wangu. Thubutu!

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimemtia Seto kwenye kizimba cha Kenanga. Mara nikasikia Ucil akigonga kioo, pu, pu, akiwinda kivuli chake. Nikamtoa Seto. Dakika mbili tu, Sulastri. Walilala tu.

Nikaenda kwenye chama. Nikasema dume wa Kuncoro ni mzuri kuliko wangu. Makofi! Mzee mmoja akaomba nirudie, hakusikia vizuri.

Jumatatu, 9 Oktoba

Dume ameletwa kikapuni, mweupe kama wali. Nikauliza alimpata wapi. Kuncoro akashangaa: "Mzee, umesahau? Marehemu mkeo alinipa Idi ile, bado mdogo, pamoja na sahani ya ketupat, ule wali wa majani!"

Ndugu yao wa tatu! Na hukuniambia. Nakusikia unavyocheka.

Nimemrudisha. Maneno yangu chamani hayarudishiki.

Lakini sikia! Kuna dume kule mjini Klaten, mtoto wa mama yake mdogo Kenanga. Binamu si ndugu sana. Nimepiga hesabu: Wafalme!

Alhamisi nakuletea waridi kaburini. Kama kusamehe ni kugumu, nikumbuke tu.