Kona Iliyokataa Kufunga

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mimi, Onesphory Bura, ndiye niliyeijenga Maretadu. Sisemi kwa majivuno. Ukiondoa kanisa, shule, zahanati na nyumba za watu waliojenga wenyewe, kilichobaki chote ni mkono wangu. Mwaka wa mvua kubwa alipita hapa mhandisi mgeni, akasimama mbele ya choo nilichojenga kwa jirani, akavua kofia. Angefanya nini kingine?

Leo kuna habari nzito. Kijiji kinageuza ghala la zamani la ushirika kuwa darasa la watoto wa awali. Kamati inakaa Jumamosi kupitisha mchoro na kuchagua msimamizi wa ujenzi. Msimamizi ni mimi, ila wao bado hawajajua. Herman wa Dongobesh naye anakitaka cheo hicho. Herman! Mtu aliyesomea ufundi miezi mitatu, anavaa kofia ngumu hadi mnadani!

Lakini mimi nina Fausta. Binti wa dada yangu, amemaliza chuo cha kuchora majengo huko Dar, amerudi jana. Kaniamkia shikamoo mjomba, nikaitika marahaba kwa sauti ya kusikika kwa majirani watatu. Anachora kwa laptopu. Ofisi moja ya Babati imemwambia alete mchoro mmoja uliopitishwa na watu wa kweli kwa jengo la kweli, ndipo wamwajiri. Nimemwambia jengo ni ghala. Mchoro wake, vipimo vyangu. Ameshukuru kwa mikono miwili mpaka nikaona haya.

Kidogo tu.

Jumanne, 10 Juni

Tumepima ghala. Ukungu mzito, mbuzi wanasikika lakini hawaonekani. Nimetumia tepu yangu ya kitambaa ya mita thelathini, ambayo imepima nusu ya wilaya. Fausta alitaka kushika mwanzo wa tepu. Hapana! Mwanzo nashika mimi, chini ya kidole gumba, tangu ujana wangu. Yeye alishika upande wa pili, akasoma namba na kuandika. Ukuta mzima wa mbele: mita kumi na mbili kamili. Kisha vipande vyake saba, kimoja kimoja: ukuta, dirisha, ukuta, mlango, ukuta, dirisha, ukuta. Mlango nilijenga mimi mwenyewe mwaka 2014. Sentimita tisini. Nakumbuka kama jana.

Mchana akafungua ile programu. Nilitegemea kuona picha. Si picha! Ni ghala lenyewe, dogo, limo ndani ya kioo. Analizungusha kwa kidole kama mtu anayechagua boga. Analiondoa paa, unachungulia ndani. Anakata ukuta katikati, unaona tofali. Nikamuuliza kama ng'ombe anaingia humo. Akaweka ng'ombe. Nikamuuliza kama mtu anaingia. Akaweka mtu mlangoni. Nikasema huyo ni mimi, mrefushe kidogo. Akamrefusha. Kidogo tena.

Halafu akanionyesha jua. Unaiambia programu: Maretadu, tarehe kumi Juni, saa kumi jioni. Kivuli cha ghala kinalala chenyewe chini. Nilikaa kimya, jambo ambalo Juliana mke wangu ameliandika kwenye kalenda. Saa kumi ukungu ulikuwa umepanda, nikatoka mbio kwenda ghalani. Kivuli kimelala palepale! Hadi kwenye jiwe ambalo mbwa hulalia! Nimesimama pale mpaka jua likaondoka. Nani ameiambia mashine habari za jua letu? Nimemwomba Fausta aweke mwaka niliozaliwa. Jua lilikuwa lilelile. Sijui kwa nini nimefurahi hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Kona haifungi.

Fausta ameingiza vipimo vyote. Ukuta mzima unasema mita kumi na mbili. Vipande saba vikijumlishwa vinasema kumi na tatu na sentimita ishirini. Kwenye kioo mstari wa mbele umepita kona, umechomoza nje kama ulimi wa ndama. Anasema mkono ukichora kwa penseli unaweza kudanganya kidogo, watu wasione. Programu haikubali. Vipande vya ukuta lazima viwe sawa na ukuta.

Nimemweleza kwa upole kuwa tatizo ni baridi. Mashine imetoka Dar kwenye joto, imefika Mbulu mwezi wa sita. Chuma husinyaa. Akasema mjomba, si hivyo. Nikasema mwanangu, wewe umesoma, mimi nimeishi.

Alipokwenda kumsalimia mwalimu wake wa zamani niliifunika laptopu kwa blanketi langu, nikamwambia Juliana aisogeze karibu na mafiga. Baada ya robo saa ikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Fausta aliingia akaruka. Ameipepea kwa kanga muda mrefu bila kunitazama.

Ilipopoa tulijumlisha tena. Kumi na tatu na ishirini. Kwa hiyo si baridi. Nimeandika hapa ili wanaofuata wasipoteze muda.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu kuifunga ile kona mwenyewe. Fausta alikuwa kisimani. Nilishika kipanya kama nilivyomwona yeye, nikaukamata ukuta wa mbele, nikauvuta. Ukuta ulikuja! Paa likabaki hewani peke yake. Nikalishusha paa, mlango ukalala chali. Nikabonyeza ng'ombe ili nimwondoe njiani, wakawa wawili. Nikabonyeza tena. Fausta aliporudi kulikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja darasani, na mimi yule mrefu nimesimama juu ya paa.

Hakunigombeza. Alibonyeza kitu mara nyingi, tik tik tik, ng'ombe wakapungua mmoja mmoja, mlango ukasimama, paa likarudi. Nikauliza ni kitu gani hicho. Akasema ni cha kurudisha nyuma ulichokosea. Nikauliza kinarudi nyuma mpaka wapi. Akasema mpaka ulipoanzia. Nikamwambia arudie, nitazame. Karudia. Watu wa chuo wana kitu kama hicho na wanatembea barabarani kimya! Ningekuwa nacho mwaka ule nilipomuuzia kaka yake Juliana yule ng'ombe dume...

Kisha akasema, kwa adabu yote, kwamba afadhali tuazime tepu ya chuma ya Basili seremala, tupime upya. Nikahisi moto masikioni. Mpwa wangu aende kuomba tepu kwa seremala, kijiji kizima kinaangalia, na mimi ninayo? Nikamwambia hapana haja. Nimekumbuka. Juzi nilipopima ukuta mzima nilisimama ndani ya nguzo ya kona, kwa hiyo ile kumi na mbili ndiyo yenye kosa. Aandike kumi na tatu na ishirini.

Ghala halina nguzo ya kona.

Alinitazama. Mjomba, una uhakika? Nikasema miaka thelathini kazini. Akainama, akaandika. Kona ikafunga, tap! Akanishukuru.

Jioni kulikuwa na makande. Nimekula sahani moja tu.

Ijumaa, 13 Juni

Herman alipita na pikipiki, kofia ngumu kichwani, kuuliza hali. Nikamwambia nzuri mpaka ulipofika. Akamuuliza Fausta vipimo kavitoa wapi. Fausta akasema kwa mjomba. Herman akacheka mpaka kofia ikateleza. Akaniuliza kama milango ya nyumba zangu bado inanyolewa.

Hili lazima nilieleze, wasije wakalipotosha baadaye. Ni kweli kila nyumba ninayojenga, Basili akileta mlango hauingii, inabidi aupige randa siku nzima. Sababu ni mbao. Mbao za hapa huvimba kwa ukungu. Nimemweleza Basili mara nyingi. Yeye huwa ananitazama tu.

Nikamwambia Herman nyumba zangu zimesimama. Akasema ndiyo, na wenye nyumba nao wanaingia wamesimama, kwa ubavu. Akaondoka haraka kuelekea kwa Basili. Simpendi anapoondoka haraka.

Fausta anafanya mazoezi ya kuongea mbele ya shuka la kuonyeshea picha. Amejipigia pasi gauni. Ananiuliza mjomba, watakubali? Nimemwambia watakubali hadi na yale ambayo hujawauliza.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote, nikiwa mtulivu.

Kamati ilikaa ndani ya ghala. Mwenyekiti Yohanes katikati. Shuka la Juliana ukutani, projekta ya parokia. Fausta aliwasha, darasa likatokea kwenye shuka: rangi, mikeka, madirisha, jua la saa tatu asubuhi likiingia kwa upande wa watoto. Akafungua mlango wa humo humo, tukaingia sote tukiwa tumekaa. Mama mmoja mbele alijifunika mtandio kwa upepo. Mzee wa nyuma aliuliza kama tunaweza kutoka kwa mlango mwingine. Nilijisikia kama Fausta nimemzaa mimi.

Hapo Herman akasimama. Akasema picha ni tamu, lakini mchoro unasema mlango ni sentimita tisini, na Basili kwa bahati kaja na mlango wa tisini. Kwa bahati! Wausogeze tu hapo tuone.

Basili akauinua. Uliliziba tundu lote na ukazidi, kiganja kizima upande huu na kiganja kizima upande ule.

Kelele. Mmoja akasema kompyuta imedanganya. Mwingine akasema ndiyo maana alikuwa hataki watoto wasome Dar. Mwenyekiti akamwambia Fausta pole mwanangu, umejitahidi, lakini jengo hili litabeba watoto, tutachora kwa penseli kama zamani.

Mimi nilikuwa nasubiri Fausta aseme. Maneno matatu tu: vipimo vya mjomba. Alikuwa na haki. Alinitazama mara moja, akainamisha macho, akaanza kukunja waya wa projekta. Anaukunja taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Mtoto wa dada yangu. Kazi ya Babati inakwenda hivyo, na yeye anakunja waya.

Sasa wasikilize wote watakaosoma daftari hili: nilisimama! Simba aliyejeruhiwa hasimami hivyo. Nikatoa tepu mfukoni, nikaiweka mezani kwa mwenyekiti, nikaondoa kidole gumba.

Mwanzo wake haupo. Ndama wangu aliutafuna mwaka 2013, kuanzia sifuri hadi ishirini. Nikawaeleza waziwazi kwamba sikuona hasara. Namba kubwa zote zilikuwepo. Ishirini, hamsini, mita tano, zote salama. Hizo ndogo za mwanzo nani anajenga nazo? Ukuta wa sentimita saba uko wapi?

Halafu Fausta akasema polepole, kama anaongea na hesabu yenyewe: kila kipande ulichopima kimezidi ishirini. Vipande saba, ishirini saba. Macho yake yakawaka. Alikuwa amefurahi! Siku tatu kona ile ilikuwa inamwasha kichwani.

Ndipo wakacheka. Walicheka mpaka popo wakatoka darini. Basili peke yake hakucheka. Alikaa juu ya ule mlango wake, akaanza kuhesabu kwa vidole milango yote aliyonyoa tangu 2013. Vidole vikaisha, akaanza upya.

Wakapima papo hapo kwa tepu yake ya chuma. Ghala ni mita kumi na moja na themanini. Mlango ni sabini. Fausta akaingiza namba mpya, na hapa hata Herman alivua kofia: ukuta ukasogea wenyewe, paa likaufuata, madirisha yakajipanga, idadi ya mikeka ikabadilika, tofali za kubomoa ili kupanua mlango zikahesabiwa. Alitumia muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mwenyekiti akauliza kwa penseli ingekuwa siku ngapi. Fausta akasema nne. Mwenyekiti akamwomba aharibu tena na kutengeneza tena, aangalie vizuri.

Mchoro umepita. Mikono yote juu.

Usimamizi amepewa Herman. Lakini mimi pia nimepata cheo, kwa ombi la Fausta mwenyewe: kila watakapopima, mimi ndiye nitakayeshika mwanzo wa tepu. Penye sifuri! Jengo zima linaanzia kwangu.

Jumapili, 15 Juni

Fausta ameondoka na basi la asubuhi kwenda Babati, mchoro uliogongwa muhuri wa kijiji ukiwa kwenye bahasha. Kabla ya kupanda aliniamkia tena, akanipa zawadi: tepu mpya ya chuma, mita tano, njano. Sifuri yake inang'aa. Nilimwambia vumbi limeniingia jichoni, na kweli lilikuwepo kidogo.

Nimeitazama tepu hii tangu misa ilipokwisha. Nzuri. Lakini fundi mkubwa huwaza mbele. Je, mtu akiniita kukarabati nyumba nilizojenga zamani? Nyumba zile zinanijua kwa kipimo kingine. Tepu mpya itagombana nazo, na kona hazitafunga.

Kwa hiyo nimechukua mkasi wa bati nikaikata ishirini za mwanzo. Sasa inapatana na kijiji kizima.

Juliana amesimama mlangoni kwa ubavu, anauliza nakata nini. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu. Akauliza kama huo utaalamu unaweza kufika chumbani kwetu.

Basi, na liandikwe, maana daftari halicheki. Chumba chetu cha kulala nilikipima mita mbili kamili. Kitanda hakikuingia, nikakikata miguuni. Miaka kumi na moja nimewaambia watu kuwa wanaume wakubwa hulala wamekunja magoti.