Jinsi Gisiri wa Kegonga Alivyoliteka Neno Deraya

Naapa kwa meno yangu yote, yale yaliyobaki na yale niliyomwachia daktari wa Migori, kwamba haya nitakayoyasema ni kweli tupu, hayajatiwa chumvi hata ya kutosha yai moja la kuchemsha. Mwenye shaka na aondoke sasa, kiti chake apewe mtu mwenye adabu.

Enyi watu wa Awendo, mnaokata miwa na mnaoitafuna! Enyi madereva mliozima trekta kando ya barabara mkasingizia zimeharibika! Enyi akina mama wa soko, tueni mabeseni yenu! Tegeni masikio, kwa maana nawatangazia habari za Gisiri, Gisiri wa Kegonga, Gisiri wa Nyayo Pana, dereva wa trekta mstaafu hapa hapa Awendo, mtikisa madaraja, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko maandishi ya mfuko wa mbolea. Naye siku moja akajifunga kibwebwe, akaingia vitani dhidi ya kitabu.

Chanzo cha vita kilikuwa Rangwe, huko Homa Bay. Bravin, mwana wa marehemu kaka yake Gisiri, alimpenda Risper, binti wa boma moja la huko. Basi kwa vile Wakuria wa Bravin hawajui Dholuo hata cha kuombea maji ya kunywa, na Wajaluo wa Risper hawajui Kikuria hata cha kumfukuzia mbwa, ikakubaliwa kwamba mahari itajadiliwa kwa Kiswahili. Na mjomba wa binti, Oyaro, aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi akarudi na kofia ya kiua na kiburi cha kuitosha, akaweka sheria ya mezani: atakayeponyokwa na lugha nyingine yoyote wakati wa mazungumzo atatoa kuku.

Siku ya kwanza Gisiri alisimama, yeye ndiye msemaji wa nyumba ya kaka yake. Akakohoa. Akavuta suruali juu. Akasema, "Sisi tumekuja hapa juu ya ile maneno ya msichana." Kisha Kiswahili kikamwishia palepale kama dizeli mlimani. Yaliyobaki akayamwaga kwa Kikuria, na kila alipopumua, kuku mmoja wa ukoo wake alihesabiwa kuwa wa akina Oyaro. Bravin naye akamkanyaga bibi mmoja mguu, akasema "sori", akatozwa jogoo.

Oyaro akapangusa midomo, akanena, "Wazee wangu, rudini salama. Mkija tena, njooni na mtu mwenye mdomo."

Fedheha gani hiyo, enyi wasikivu! Waliporudi, wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua kumwomba Mokua asimame badala yake. Mokua ni jirani tu wa kupanga, mwalimu mstaafu, si damu yao. Ni mtu wa kusema "hakika" hata anapoagiza mandazi. Gisiri alipolisikia hilo uso ukamjaa giza.

"Nyumba ya ndugu yangu isemewe na mpangaji?" akauliza. "Na mimi niko hai, na ulimi ninao?"

"Ulimi unao," wakamjibu, "lakini Rangwe tuliuona ukilala."

Wakamkubalia safari moja tu ya pili. Akishindwa, kiti cha msemaji ni cha Mokua, sasa na siku zote.

Mtu mwenye akili timamu angetafuta kamusi. Mtu mwenye unyenyekevu angemwendea Mokua na kilo ya sukari. Gisiri hakuwa na kimoja wala kingine. Alikwenda moja kwa moja hotelini kwa Mama Kultum, yule mwanamke wa Hola apikaye chapati karibu na stendi, ambaye Kiswahili chake kinateleza kama samli.

"Mama Kultum," akasema, "nipe Kiswahili."

"Cha kula hapa au cha kubeba, mzee?"

"Cha kubeba. Kingi."

Mama Kultum akainama chini ya kaunta, akatoa riwaya nene waliyokuwa wakisoma wanawe, jalada limeng'oka, jina halijulikani. Habari zake ni za joka litemalo moto na mfalme asiye na kidole gumba na shujaa mmoja anayetembea kurasa nyingi pasipo kuona njaa. Fikirini, watu wazima! Mzee mwenye wajukuu, aliyezika wazee wenzake, aliyeendesha mitambo ya thamani, akaketi barazani kwake mchana kweupe kumfuatilia mnyama ambaye hayupo, kwa maneno ambayo hayajui! Nilipopita kwake nikamwona anasoma midomo ikicheza, kidole kikisukuma mstari kama mtu asukumaye gari bovu, nilicheka hadi nikashika ua.

Na kumbe Kezia, mkewe, alikuwa amemwachia mahindi yaliyoanikwa ayalinde. Hapo ndipo kuku, majeshi yenye manyoya, walipoiona nafasi yao. Wakaja kwa mbawa ya kulia na mbawa ya kushoto, wakavuka turubai, wakala kwa vishindo. Shujaa wetu hakuinua jicho. Joka lilikuwa mlangoni pa mji.

"Baba Joyline!" Kezia alitoka jikoni na mwiko. "Kuku wanamaliza mahindi, na wewe umetoa macho tu hapo!"

"Ngoja, mama. Mfalme amezingirwa."

"Atazingirwa na njaa akikaa nyumba hii. Fukuza kuku!"

"Nyamazeni, enyi majeshi ya uovu!" Gisiri akaguruma, akawatupia kuku kandambili moja pasipo kufunga kitabu. Ikampata paka.

Lakini vita vikuu havikuwa vya kuku. Katika ukurasa mmoja, Gisiri alikutana na adui aliyemshinda nguvu, neno lililosimama njiani kama fahali asiyetaka kupisha, nalo ni *deraya*. Kitabu kilisema shujaa aliamka akavaa deraya yake. Gisiri akatafakari, akakata shauri kwamba ni koti. Akaendelea kwa majivuno. Mbele kidogo, mshale ukaja, ukaigonga deraya, ukaanguka chini. Gisiri akasimamisha kidole. Koti gani hilo? Akakata shauri upya kwamba ni sufuria. Mbele tena, shujaa akafika mtoni, akaivua deraya ili aoge. Hapo mzee akakasirika kweli.

"Kezia, wewe unaweza kuvaa sufuria?"

"Nikiwa na mume kama wewe, naweza kuvaa hata jiko."

Ningemwonea huruma, lakini huruma yangu ina bei. Alikataa katakata kumwuliza Mokua. Alikataa kuniuliza mimi, ingawa nilipita pale makusudi asubuhi na jioni. Akalizunguka lile neno siku baada ya siku, akilivizia kila lilipotokea: askari mmoja akailalia deraya ikamwumiza mbavu, nyingine ikashika kutu kwa sababu ya mvua, nyingine ikamzamisha mwenyewe ziwani. Kisha alasiri moja, akiwa na ugali mkononi, akaruka kutoka kitini, tonge likaruka pia.

"Ni shati la chuma!" akapaza sauti, na majirani wakadhani ameshinda bahati nasibu. "Kezia! Ni shati la chuma la kuzuia mishale!"

"Na mahindi yangu," akasema Kezia, "yalikosa shati."

Hivyo ndivyo mwanamume mzima alivyotumia msimu wa mavuno kuliteka neno moja ambalo Awendo nzima haijawahi kulihitaji.

Siku ikafika, wakaenda tena Rangwe. Nami nilikuwemo kwenye msafara, kwa sababu ukoo ulihitaji mtu wa kubeba kreti za soda na mimi nilihitaji wali. Tukaketi. Oyaro akavaa kofia yake ya kiua, akatabasamu kama mtu anayeona kuku wakija kwa miguu yao wenyewe. Mokua alikuwa ameketi nyuma, ameshanyoosha tai.

Gisiri akainuka.

"Enyi wenye ngome hii adhimu!" akaanza, na hata ndama akanyamaza. "Hatukuja kwa mikuki wala kwa hila. Tumekuja tumeinua bendera nyeupe, tumeacha panga zetu nje ya lango!"

"Panga gani?" bibi mmoja akashtuka. "Wamekuja na panga?"

"Mzee," Oyaro akamkatiza, "hapa ni bomani. Ngome ziko Mombasa."

"Jemadari Oyaro," Gisiri akamjibu, "kila boma lenye binti kama Risper ni ngome, na wewe ndiwe mlinzi wa lango lake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Oyaro, aliyekuwa hajawahi kuitwa jemadari na mtu yeyote, akaisawazisha kofia. Kuku hakuhesabiwa hata mmoja! Nyuma yangu nikasikia Mokua akimeza mate.

Wakazungumza habari za ng'ombe, wakavutana, wakapanda, wakashuka, hadi idadi ikawatosha wote. Ilibaki kupeana mikono tu. Lakini mpumbavu aliyejifunza neno jipya ni kama mtoto mwenye filimbi. Gisiri akasimama tena bila kuombwa.

"Na muutulize moyo," akasema. "Binti yenu hatadhurika kwetu. Huyu Bravin ndiye deraya yake!"

Nikamwangalia Oyaro. Wallahi, hakulijua! Alitazama paa la mabati, akatazama kikombe, akatikisa kichwa kwa hekima kubwa kama mtu anayelijua neno hilo tangu utotoni. Mokua naye akawa anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Hakuna mwanamume pale aliyethubutu kuuliza.

Aliyeuliza ni Dani Marcella, nyanya yake Risper, yule yule aliyekanyagwa na Bravin safari ya kwanza. "Deraya ni kitu gani? Inaliwa?"

Basi Gisiri akamfundisha kama kitabu kilivyomfundisha yeye, pole pole, kwa kumzungusha.

"Dani, mishale inakuja. Utafanya nini?"

"Nitakimbia."

"Huwezi. Uko katikati ya watu wabaya."

"Nitafunga mlango."

"Uko njiani, hakuna mlango. Lakini umevaa kitu. Mshale unagonga, unaanguka."

Bibi akafikiri. "Umenivalisha mlango."

"Umekaribia! Ni cha chuma, kina mikono, ukioga unavua."

"Ahaa! Shati la chuma."

"Hiyo ndiyo deraya!" Gisiri akafurahi, akageuka ili tumshangilie, na hapo ndipo alipoipa mgongo hatari.

"Sasa nimejua," akasema Dani Marcella, na sauti yake ikabadilika. "Kijana wako anaendesha lori, leo Isebania, kesho mbali. Mjukuu wangu ataachwa kwenu Kegonga, kwa watu asiojua lugha yao, mashemeji upande huu, mawifi upande ule. Siku mume hayupo, deraya iko Isebania na mishale iko nyumbani. Sivyo?"

Bibi akaendelea, akihesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo nataka mtamba mmoja wa Risper mwenyewe. Asihesabiwe na hao wa mahari. Akizaa, ndama ni wake. Maziwa ni yake. Mtu asimguse, hata mumewe. Huyo mtamba ndiye deraya. Ama wewe ulitufundisha uongo?"

Boma zima likalipuka. Wanawake wa kwao wakapiga vigelegele; wa kwetu pia, nao wakiongozwa na Kezia, msaliti! Wazee wa ukoo wakamtumbulia Gisiri macho. Angeweza kukataa, lakini aliyekwisha kulieleza neno mbele ya watu hawezi kugeuka aseme si hilo. Akamtazama Risper mlangoni, aliyekuwa ameinamisha uso. Akamtazama Bravin. Akavuta suruali juu.

"Kwa niaba ya nyumba ya kaka yangu," akasema kwa utulivu, "mtamba atatoka zizini kwangu mimi."

Oyaro akamshika mkono, na tangu siku hiyo hamwiti ila Jemadari. Mokua akarudi Awendo na tai yake. Kiti cha msemaji kikabaki kwa mwenyewe, naye mwenyewe akabaki na mtamba mmoja pungufu. Amepoteza mnyama kwa kumwazima adui silaha, kisha anatembea mjini kifua mbele!

Haya yote niliyaandika kwa mkono wangu, nikayasoma kwa sauti jana hotelini kwa Mama Kultum, watu wamejaa, Gisiri na Kezia wakiwa meza ya dirishani. Nilikusudia kumchoma mpaka mfupani. Nikafikia ile tamati yangu tukufu, nikasimama juu ya benchi:

"Hivyo ndivyo alivyoshinda, na jina lake likachorwa juu ya jiwe jeusi..."

"...na upepo wa kaskazini," akaendelea Mama Kultum bila kugeuka kutoka kwenye chapati zake, "ukalisoma kila alfajiri kwa wale waliolala."

Nikatazama karatasi yangu. Ndivyo ilivyoandikwa, neno kwa neno.

"Huo ni ukurasa wa mwisho wa kitabu cha wanangu," akasema. "Mzee Gisiri alikirudisha mwezi uliopita, nikakiweka hapa kaunta. Wiki mbili sasa hakionekani. Na wewe msomaji wetu, hebu fungua hilo koti."

"Koti hili? Kuna baridi..."

"Awendo hii?" Kezia alikuwa amekwisha simama. Akavuta ukosi, na riwaya ikaanguka sakafuni kwa kishindo, na majani ya muwa niliyoweka kuonyesha nilipofika yakatawanyika. Nilikuwa naisoma mara ya pili. Ile sehemu ya ziwa inaumiza moyo, nyinyi hamjui.

Hoteli nzima ilicheka hadi mpishi wa nyuma akaja kuona. Mama Kultum akatangaza hukumu: chai na chapati kwa kila aliyeketi, na wale waliosimama pia, juu yangu. Nikajaribu kulalama kwamba pensheni yangu ni ndogo. Nikajaribu kuondoka. Mlangoni kulikuwa na Nyayo Pana, amejaza nafasi yote, chapati ya tatu mkononi.

"Lipa, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Hapa huna deraya."

Nikalipa.