Mmetutafutia Mwanablogu, Mkeka Wetu Umeondoka

Kwa Mheshimiwa Mhariri,
Ukurasa wa Visiwa Vilivyosahaulika, Mtandaoni.

Kutoka kwa Lagimaina, Katibu wa Kamati ya Wanawake, Kijiji cha Vaitofu, Samoa ya Marekani.

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Sisi huku afya tunayo, amani ndiyo uliyotuondolea.

Mwezi uliopita uliandika: "Kwa miezi mitatu tumemtafuta mwanablogu wa siasa wa Samoa ya Marekani bila mafanikio. Kama yupo, tunamwomba ajitokeze." Ni maneno machache, tena ya adabu. Naomba nikueleze yalichofanya, kwa nambari, kama tunavyoandika kumbukumbu za kamati yetu.

1. Hatujasahaulika. Dada zangu watatu walioko Honolulu na Seattle hunipigia simu kabla sijachemsha kakao ya asubuhi, na wanajua nani alivaa kofia gani kanisani. Kama aliyesahau ni wewe, ungeandika "visiwa nilivyovisahau mimi". Kwetu mtu akisahau huona haya, habandiki wengine jina.

2. Huku mtu hatafutwi bure. Tangazo lako lilisomwa mbele ya baraza la machifu. Mzee Seumalo, msemaji wa baraza, akasimama na fimbo yake, usinga begani, akasema: "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Huyo mtu yumo humu humu, na anamsema chifu." Wewe hukumtaja chifu popote. Lakini mtu akitaka kuandika siasa za Vaitofu, amwandike nani mwingine?

3. Msako ukaanza. Saa ya sala ya jioni, kombe la baharini likishapulizwa na kila mtu akiwa ndani kimya, wajumbe walipita nyumba kwa nyumba kuchungulia nani amewasha simu badala ya kusali. Walikuta simu zinawaka nyumba zote, ya mchungaji ikiwemo. Msako ukafungwa bila ripoti.

4. Kwa kuwa lazima apatikane mtu, akapatikana mume wangu, Pouono. Ushahidi ulikuwa kwamba anavaa miwani, na kwamba kwenye mkutano wa Machi aliuliza maana ya neno bajeti.

"Pouono, ni wewe?" Seumalo akamuuliza mbele ya watu.

"Mimi? Mzee wangu, mimi hata kadi ya Krismasi huandikiwa na mke wangu!"

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu Seumalo, na watu wakaitikia kwa vichwa.

5. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo kidonda kilipo. Mama mkwe wangu akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Tuombe radhi mapema, kabla hawajaona alichoandika." Nikamwambia, "Mama, hajaandika kitu." Akanijibu, "Basi itakuwa rahisi kusamehewa." Unajua tunavyoomba radhi kwa kosa kubwa. Ukoo mzima huketi alfajiri mbele ya nyumba ya aliyekosewa, vichwa vimefunikwa mkeka wa heshima, mpaka mwenyewe atoke aufunue. Mkeka tuliojifunika ni ule aliousuka marehemu mama yangu kwa miaka mitatu, laini kama kanga ya zamani, aliomwachia binti yangu Teuila kwa ajili ya harusi yake. Tuliketi watu kumi na tisa juu ya changarawe, mvua ikitunyeshea, kwa kosa ambalo halijatendwa na yeyote.

6. Chifu Taliaoa akatoka, akaufunua mkeka, akautwaa kama ilivyo desturi. Akasema, "Nimewasamehe kwa moyo mweupe." Tukamshukuru. Kisha akauliza, "Sasa, nilisemwaje?"

Tukamgeukia Pouono, naye akanigeukia mimi.

"Mmeniomba radhi kwa lipi? Au mmekuja kunifanyia mchezo mlangoni kwangu?"

Ametupa majuma mawili tumletee tusi lenyewe, kutoka mtandaoni, lisiwe la kuandikwa kwenye karatasi. Tukilikosa, radhi yetu itahesabiwa kuwa dhihaka, na dhihaka nayo inaombewa radhi kwa mkeka mwingine, mpana zaidi. Mkeka mwingine hatuna, Mheshimiwa. Teuila anaolewa mwezi ujao, na sina cha kumtandikia mbele ya wakwe zake. Nimelia jikoni mpaka binti yangu ndiye akanibembeleza mimi.

7. Juu ya hayo, chifu wa kijiji cha jirani amenuna. Anauliza kwa nini Taliaoa ameandikwa mtandaoni yeye hajaandikwa, kwani yeye mabaya hana? Mkewe hanisalimii tena.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, uchapishe kwamba umetafuta vizuri na kwamba mwanablogu wa siasa hapa hayupo, hajawahi kuwepo, wala hatakuwepo. Ugonge na muhuri, baraza letu linapenda muhuri. La pili, uamini ninachokwambia: sisi hatuna haja naye. Siasa tunazimaliza kwenye basi na tukimenya magimbi nyuma ya kanisa, na kufikia saa sita mchana chifu ameshayasikia yote pamoja na majina ya waliosema. Mtu wa Vaitofu aandike ili amjulishe nani?

Nisalimie mkeo au mumeo, watoto, majirani, na huyo aliyekuandikia tangazo, ingawa yeye umsalimie kidogo. Mchungaji anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu na anauliza unasali wapi.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima zote,
Lagimaina

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwa kuwa boti ya posta iliharibika, na katikati yametokea mambo. Majuma mawili yalikuwa yanaisha na tusi hatuna. Nikaona nitamzika Teuila kwa aibu kabla hajaolewa, nikakaa na simu nikaandika mwenyewe. Niliandika kwamba bomba la shuleni limekauka tangu kimbunga, watoto wanabeba maji kwa ndoo, huku tangi la chifu likifurika mpaka bata wanaogelea. Nikaweka mtandaoni kwa jina la Mtu wa Vaitofu.

Chifu alisomewa mara tatu. Akasema, "Ee, hili sasa ndilo tusi! Mtu amekaa akafikiri." Jumanne bomba likatoka maji. Jumatano akaurudisha mkeka kwa mikono yake, akasema aliyekosa ni yeye. Teuila ataolewa nao. Sasa nimefikia makala ya sita, na yule chifu wa jirani ameniletea ndizi, ananiomba nimguse hata kidogo kabla ya uchaguzi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza lichane. Andika kwamba amepatikana, ni mwanamke, na anaitwa Lagimaina. Andika haraka, maana kijiji kizima kinaamini ni Pouono. Jumapili walimpa mguu wa nguruwe, fungu la wasemaji wakubwa, kwa ajili ya kalamu yake. Nami nikiwa nimeketi pale pale, Mheshimiwa, akaupokea, akala, akasimama kutoa hotuba ya shukrani.