Kofia ya Bata Mzinga na Leza ya Kosakosa

Jumamosi ile gazeti la kaunti ndilo lililomwagia kijiwe petroli. Kijiwe chetu ni meza ya dirishani kwa Nadine, mgahawa pekee hapa Tolliver, Wyoming. Ukiukosa huo unakula nyumbani kwako au unashinda na njaa.

Jaji alivaa miwani. Tunamwita Jaji kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza, mara moja tu, na tangu siku hiyo hajashuka kitini. Akaisoma safu ya sherifu kwa sauti ya kuhukumu mtu:

"Jumanne. Mkazi wa Mtaa wa Elm aliripotiwa na jirani kuwa analinyooshea pazia bastola huku akifoka, 'Leo hutoki!' Sherifu alifika. Yalikuwa mazoezi. Sherifu naye alijaribu, akakosa, akaondoka."

Macho yote yakamgeukia Verlon, dereva wa basi la shule, ambaye sisi humwita Kosakosa.

"Mnanitolea macho ya nini? Jina langu limeandikwa hapo?"

"Halijaandikwa," alisema Daktari, anayetibu matrekta, na mengine humfia mikononi. "Ila Mtaa wa Elm mwanamume ni wewe tu, wengine wote wajane. Haya, pazia limekukosea nini?"

Kosakosa akasogeza kikombe pembeni kama mtu anayefungua semina.

"Wenzenu tumeshaingia dunia mpya. Kuna risasi ya uongo, ndani ina leza. Unaitumbukiza kwenye bastola tupu, unalenga shabaha ya karatasi ukutani. Unavuta, ka! Doa jekundu linatua, na simu inakutangazia: 'Katikati!' Hakuna baruti, hakuna kelele, hakuna kuganda masikio uwanjani."

"Hakuna na akili," Daktari akamalizia.

"Cheka tu. Unavuta, ka! Unakoki. Unavuta, ka! Unakoki."

"Sasa unakoki kila mara ya nini?"

"Kichwa maji wewe! Si haina baruti? Risasi ya kweli ikilipuka inaikoki bastola yenyewe. Hii yangu lazima niikoki kwa mkono, nivute kifuniko cha juu nyuma, ndiyo ivutike tena. Nimefanya hivyo tangu mahindi yavunwe. Mkono wangu siku hizi hauniulizi, unakwenda wenyewe."

"Aisee, mtu mzima anasifiwa na simu!" nikatia neno. Mimi wananiita Gazeti, na jina sijaliomba.

Nadine alikuwa anapita na birika la kahawa. "Mkewe kaniambia bingwa wa nyumba ile ni paka. Doa likitua tu, Biskuti kalirukia. Jumanne karukia lililotua kwenye pazia, kashuka nalo lote, kazongwa ndani yake. Ndiyo jirani akaona yaliyomo."

"Kumbe 'leo hutoki' alikuwa anaambiwa paka!" Jaji alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Sherifu kaacha wezi wa ng'ombe, kaja kusuluhisha mtu na paka wake!"

Tulicheka hadi Daktari akaomba kitambaa cha kufutia machozi. Kosakosa hakucheka. Alikuwa ametazama juu ya mashine ya kahawa, kwenye msumari inakoning'inia kofia.

Kofia ile kila mtu hapa anaiheshimu kwa kuiogopa. Kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Shukrani tunashindana kulenga shabaha. Wa kwanza anachukua bata mzinga mzima, wa mwisho anachukua kofia: manyoya ya bata kisogoni, na mbele undu mwekundu wa kitambaa, kama wa jogoo, unaokuangukia puani. Utaivaa kila ukikanyaga kwa Nadine, mpaka theluji iyeyuke. Kosakosa ameivaa misimu minne mfululizo. Mashindano yalikuwa asubuhi ileile.

"Jamani," alisema, na sauti ikapungua, "nyie nichekeni, nimeshazoea. Lakini leo mchana binti yangu Corliss anamleta mchumba wake na wazazi wa kijana, wanatoka Chicago. Tunakula hapahapa, maana pengine hapapo. Yule baba ni mpasuaji wa moyo. Binti yangu kaniambia kitu kimoja tu: 'Baba, nakuomba, mwaka huu usiwe na undu.'"

"Si mle kwako tu, kofia ibaki hapa?" nikauliza.

"Pazia halipo, Gazeti."

Jaji akavua miwani. "Nakuonea huruma, ndugu yangu. Ila sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Mimi hata nikipiga nimefumba macho sitakuwa chini ya Kosakosa," alisema Daktari. "Leza, leza! Kuogelea hakufundishwi kitandani."

Tukaondoka kwenda uwanjani, tukimtania njia nzima.

Kila mtu alipewa risasi kumi. Kengele ikilia unaanza, ikilia tena umekwisha. Mimi nilipiga kwa wastani, sina la kujisifu wala la kuficha. Daktari alipiga kama anayewamwagia kuku mahindi. Akaja Kosakosa. Nasema kweli, nilishtuka. Alisimama imara, mabega yametulia, pumzi ameishika.

Pa! Katikati kabisa.

Halafu mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, krak! Akaikoki. Risasi nzima, ambayo bastola ilikuwa imeshajipakia, ikaruka nje na kuchomeka kwenye theluji.

"Mungu wangu," alisema Jaji.

Pa! Katikati. Krak! Nyingine ikaruka.

"Usikoki!" tukapiga kelele. "Kosakosa, usikoki! Unazitupa!"

Ana vizibo masikioni, atasikia wapi? Kelele zetu alizipokea kama shangwe, akatabasamu. Pa! Krak! Pa! Krak! Daktari alikuwa amekaa chini kwenye theluji, ameshika mbavu. Bastola ilipokwisha risasi, Kosakosa akaigeuza na kuitazama kwa mshangao, kisha akainamisha sikio mfukoni, akingoja simu imtajie pointi.

Matundu yake matano ungeyafunika yote kwa kizibo cha soda. Na risasi tano zilikuwa miguuni pake, zinang'aa, hazijamdhuru mtu. Pointi zikahesabiwa. Daktari, na uchafu wake wote, alimpita kwa pointi moja.

Tukarudi kijiweni.

"Hii ni dhuluma!" Kosakosa alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Nimekosa ngapi? Nitajieni moja tu niliyokosa!"

"Hujakosa," alisema Jaji. "Hata zile tano nyingine zimepiga theluji katikati."

"Mazoea yana taabu," nikaongeza, na mara nikajuta, kwa sababu uso wake haukuwa wa kutaniwa tena.

Nadine aliishusha kofia polepole, kama anayemshushia mtu bendera. Kosakosa akaivaa bila kubisha. Undu ukamlalia puani. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Corliss alitangulia. Akaiona kofia, akasimama palepale, na tabasamu alilotoka nalo kwenye gari likaisha. Nyuma yake kijana mrefu, mama mwenye koti la thamani, na mzee mwenye vidole vyembamba. Nilitamani sakafu inimeze mimi, sembuse mwenye undu.

"Samahani," mzee akauliza kwa adabu, "hiyo kofia ni ya nini?"

Kosakosa akausukuma undu pembeni ya pua.

"Hiyo?" Daktari akadakia, akainuka kabisa. "Mheshimiwa, hiyo huvaliwa na mwenye shabaha kali kuliko wote. Gazeti, hebu mwonyeshe karatasi ya mkwewe."

Niliichomoa upesi mfukoni, nilikoitia uwanjani ili nije kumtania nayo. Yule mpasuaji akaiinua kwenye mwanga, akaweka kidole kimoja juu ya matundu yote.

"Yote haya ni yako? Mimi mikono hii ndiyo kazi yangu, na siwezi."

Kosakosa akakohoa. Undu ukatikisika. Corliss alishika mdomo, na sikujua kama analia au anacheka.

"Na wa mwisho, je?" mzee akauliza. "Yeye anapewa nini?"

Jaji, anayejua sheria zote za kaunti, akaanza kuchunguza dari.

"Wa mwisho ni mimi," alisema Daktari.

Nadine hakupepesa hata jicho. Alimrushia aproni na kisu. "Na wa mwisho anamenya viazi. Ndoo iko nyuma ya jiko, Daktari. Wageni wana njaa."

Daktari alinitazama, akamtazama Jaji, akatafuta wa kumtetea, hakumpata. Akaingia jikoni.

"Naweza kuijaribu?" mzee akainyooshea kofia mkono.

Kosakosa akarudi nyuma hatua, kaishika kwa mikono miwili. "Mkwe wangu, hii haivaliwi hivihivi. Inatolewa jasho."

Jaji alipaliwa na kahawa.

"Basi nifundishe hizo mbinu."

"Rahisi sana!" Kosakosa akajitanua katikati ya mgahawa, akanyoosha kidole kama bastola, undu ukipepea. "Unatulia. Unashika pumzi. Unavuta, ka! Halafu mkono huu unapanda, un..."

"Usikoki!" Daktari alifoka kutoka jikoni, na kiazi kikaruka kupitia kidirisha cha kupitishia sahani.