Chavua ya Maharage ya Mama Mkwe

Jumatatu, 28 Aprili 2025. Mbalizi.

Mke wangu Anjela kapiga simu kutoka Kihesa, Iringa, alikokwenda kwa mama yake. Jumamosi wanakuja wote wawili. Mama mkwe anataka kuona maharage yake. Jasho limenitoka, na Mbalizi leo ni baridi ya koti.

Mwezi wa tatu Mama alinikabidhi, kupitia Anjela, kopo moja la mbegu. Maharage ya njano, yanaiva kabla moto haujakolea. Ndiyo mbegu pekee iliyobaki kwake, nyingine yote ililiwa na wadudu. Nikapanda mistari minne. Pembeni nikapanda minne ya kwangu ya dukani, njano vilevile, ila hayo unabandika asubuhi na jioni bado yanagonga sufuria. Nikachomeka vijiti vya alama. Halafu yakaja mahindi mabichi, kuni zilikuwa zimelowa, na vijiti vilikuwa vikavu.

Mahindi yalikuwa matamu, sikatai. Sasa majani yanafanana, maua yanafanana, na mbegu zitafanana. Jirani yangu Anania kasema nimuulize Mama mwenyewe. Anania hajaoa Uheheni. Mimi nikikutana na mama mkwe njiani naingia kichakani apite. Nianzie wapi kumwambia vijiti nimechomea mahindi?

Jumanne, 29 Aprili.

Akili imekuja. Nilifika kidato cha pili, na biolojia ilikuwa yangu. Ua lina chavua, ule unga wa kiume. Zabron, mtunza maabara wa sekondari moja kule Iyunga, ana hadubini. Nilimweleza kwa simu, kitaalamu. Akasema inawezekana, chembe za aina mbili zinaweza kutofautiana kwa ukubwa na kwa michoro juu yake. Nimpelekee maua machache ya kila mstari.

Machache ni ya watu wenye mashaka. Nimechuma ndoo.

Jumatano, 30 Aprili.

Zabron aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Akauliza ua lipi ni la mstari upi. Nikamwambia mwenye hadubini ni yeye. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, kaka, hii sasa ni mboga, siyo sampuli.

Nimerudi na ndoo yangu kwenye bodaboda, nimeifunika kwa koti. Shambani maua yamebaki ya kuhesabu. Anania kauliza nani kayanyoa maharage. Hapo ndipo nikakumbuka. Maharage yanatoka kwenye ua, hata kidato cha pili tulifundishwa. Zabron anasema mengine yatachanua, nitulie. Nitatuliaje?

Alhamisi, 1 Mei.

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi. Bahasha nane, namba moja hadi nane, maua mawili mawili.

Zabron kaniharibia siku kwa swali. Akiona aina mbili, atajuaje ipi ni ya Mama? Anahitaji ua linalojulikana. Nikakumbuka mwaka jana Mama alimgawia mbegu jirani yake wa Kihesa, Bertha. Nikampigia Anjela, nikamwomba anitumie kwa basi la asubuhi maua ya maharage ya Bertha. Akauliza ya nini. Nikasema nimemkumbuka yeye. Akasema, Baba Devota, miaka kumi na moja hujaniletea hata ua la boga. Sauti ilikuwa laini. Nimejisikia vibaya, halafu nikajisikia mjanja.

Ijumaa, 2 Mei.

Bahasha ya Anjela imefika. Ndani maua, na kipande cha kanga yake kimefungwa fundo. Sijui nimeanzisha nini.

Zabron kaweka chavua kwenye kioo, rangi tone moja, akaniita. Kwanza niliona kope zangu. Kisha nikaona vidonge vya pembe tatu vimevaa wavu. Mstari wa kwanza hadi wa nne, chembe kubwa, wavu mpana. Wa tano hadi wa nane, ndogo, wavu umebana. Za Bertha ni ndogo, wavu umebana. Nilikumbatia hadubini. Zabron akanibandua taratibu.

Jumamosi, 3 Mei.

Wamefika. Nimesalimia kamwene, kwa Kihehe, kutoka nyuma ya banda, kichwa chini, kama inavyopasa. Mama kaingia shambani. Mstari wa tano kang'ata jani, katema. Akamwambia Anjela amwambie mumewe kwamba haya ndiyo yake. Jani moja. Mimi siku tano na bodaboda nne.

Kisha akamwambia Anjela aulize nani kayanyoa. Nikajibu kupitia Anjela kwamba ni kilimo cha kisasa. Mama akasema mume wa Anjela aambiwe achomeke vijiti leo hii, maana hana mbegu nyingine, na meno ya kung'atia yamebaki manne.

Nimechomeka vijiti vinane, vikavu, namba kwa mkaa.

Jumapili, 4 Mei.

Mama karudi Kihesa, Anjela kabaki. Nimemchumia ua la boga. Kalipika.

Jioni Anania kaja na njaa, na mvua imelowesha kuni zote. Siwezi kumwacha jirani hivi. Niling'oa vijiti vyote vinane ili nichague vikavu. Vyote vilikuwa vikavu. Mahindi sita, safi kabisa.

Hakuna shida, nimekariri. Ya Mama ni mstari wa tano hadi wa nane. Kuhesabu unaanzia barabarani.

Au mferejini.

Anjela anauliza kwa nini naosha ndoo.