Kiyoyozi Kilichompandisha Mama Mlima kwa Miguu

Kwa Fundi Faruk,
Gereji ya Nyuma ya Soko,
Sumbawanga.

Ndugu Fundi,

YAH: OMBI LA KUFUNGIWA INJINI YA PILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima, na gereji inaendelea kuyatibu magari yaliyoingia yakiwa hayaumwi. Mimi pia ni mzima. Gari langu ndilo sijui nilisemeeje.

Nikukumbushe tulikotoka. Mama yangu, Josefina, anaishi Ilemba, bondeni, kwenye joto la kuivisha mayai kuku akiwa bado ameyalalia. Kila mwezi namleta huku juu hospitalini kupimwa presha, na safari mbili mfululizo alizimia njiani. Nikaja kwako kofia mkononi, nikakuuliza iwapo injini yangu ndogo ya silinda sita, iliyotoka kiwandani kabla wewe hujaota ndevu, itaweza kubeba kiyoyozi. Ukaipigapiga boneti kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, ukasema, "Kaka Kasimiri, silinda sita hizi! Nguvu zimelala bure."

Sasa zimeamka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompresa ya kiyoyozi uliifunga kwa chuma ulichokata kwenye kitanda kibovu cha bweni. Na kitanda sina ugomvi. Ila kila nilipowasha kiyoyozi gari likiwa limesimama, injini ilipiga magoti na kuzima. Ukaitibu kwa kupandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Hongera: sasa haizimi, lakini pia haitulii. Jumapili iliyopita nilitoa mguu kwenye breki mbele ya kanisa, gari likawasindikiza wanakwaya hadi mlangoni.

2. Rejeta ndogo ya kiyoyozi uliiweka mbele ya rejeta ya injini, ikaziba upepo. Ukaongeza feni. Feni ikala umeme, ukabadilisha olteneta ili umeme uongezeke. Hata hivyo giza likiingia ni lazima nichague: nione njia, au nipate ubaridi. Nashukuru kwa kupewa uhuru wa kuchagua.

3. Vioo vyote umevikaza kwa skrubu, eti ubaridi usivuje. Hapa Sumbawanga, Fundi! Mji ambao mwezi wa sita watu huenda harusini na makoti mawili, wewe unaogopa ubaridi utatoroka.

4. Safari ya Alhamisi. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu ulikuwemo, na nasikia mjini unasimulia mengine.

Tulimchukua Mama kule Ilemba, wewe umekaa mbele kama bwana harusi. Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri. Mama alisema peponi lazima kuko hivi, akajitanda khanga ya pili. Tulipoanza kupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, mshale wa joto ukapanda kuliko gari. Ukaniambia nizime kiyoyozi. Nikazima. Ukaniambia niwashe hita, hadi mwisho, ili joto la injini litokee kwa ndani. Nikawasha, nilikuwa bado nakuamini. Basi mchana wa jua kali, vioo vimekazwa, mgonjwa wa presha akapulizwa hewa ya tanuri. Nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "Kasimiri mwanangu, nimekukosea nini?"

Roho ilinishuka hadi kwenye pedali. Nikajua leo namzika Mama. Nikafunga breki, nikamtoa nimemkumbatia. Akaketi juu ya jiwe, upepo wa mlimani ukampiga, akalitazama gari linavyofoka mvuke. Kisha akasema, "Ninyi muuguzeni mgonjwa wenu. Mimi natembea." Akaungana na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kuokota kuni, akaenda zake. Sisi tukabaki kuipoza injini, ikachemka tena, tukaipoza tena. Tulipofika kileleni tulimkuta anatafuna hindi la kuchoma na kucheka. Hospitalini daktari aliipima presha yake mara mbili, akashangaa ilivyoshuka, akauliza tumempa dawa gani mpya.

5. Dawa hiyo ni wewe, na kwenye cheti cha daktari hukuorodheshwa.

Kwa mantiki hiyo, na kwa kuwa imethibitika kwamba silinda sita zinabeba ama gari ama kiyoyozi, naomba unifungie injini ya pili kwenye buti, kazi yake iwe kiyoyozi peke yake. Injini hiyo nayo itachemka, hivyo utaifungia kiyoyozi chake kwenye kiti cha nyuma. Kwa kuwa Mama hatakuwa na pa kukaa, ataendelea kutembea, na afya yake itaimarika. Ukishindwa, fungua kila ulichofunga, ukianza na skrubu za vioo, kabla ya Jumamosi. Msimamo wangu haubadiliki.

Nisalimie shemeji Kulsumu na watoto. Baba yako, Mzee Muhidin, mpe shikamoo yangu. Salamu pia kwa wateja wote wanaosubiri hapo kwenye benchi, waambie nawaombea.

Wako niliyechemka,
Kasimiri

N.B. Tafadhali usifungue chochote. Mama, ambaye bado yuko kwangu, ameingia garini hapa uani na rafiki zake wapya wawili, majirani zangu wa jumuiya ya kanisa. Injini inanguruma, kiyoyozi kimewashwa, nje kuna kipupwe cha kukausha masikio, na wote wamejifunika mablanketi hadi puani. Njoo kesho na feni nyingine na mkanda wa akiba. Nimekwenda kuwaomba washuke nizime, Mama akanijibu kupitia kioo, "Tuache kwanza. Jirani Monika hajawahi kukaa kwenye gari la namna hii. Tuongezee ubaridi kidogo."